Umbo la Chapisho na Haki ya Ubeti

Tuchukue ubeti mmoja wa utenzi, ubeti wowote tuupendao. Katika miswada mingi ya kale iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ubeti huo ulikaa katika mstari mmoja mrefu. Vipande vyake vinne vilitengwa kwa alama ndogo, na jicho la msomaji lilisafiri kutoka kulia kwenda kushoto mpaka likafika kwenye kina cha bahari, kile kinachofunga kila ubeti tangu mwanzo wa utenzi hadi tamati. Utenzi ulipohamia katika hati za Kirumi na mitambo ya chapa, vipande vile vinne vikapangwa kimoja chini ya kingine, vikawa mishororo minne ya mizani nane nane. Hakuna neno lililoongezwa wala kupunguzwa. Lakini msomaji wa mswada aliviona vina vya bahari vikishuka vyote katika ukingo mmoja wa karatasi, ilhali msomaji wa kitabu anavikuta kila baada ya mishororo mitatu. Utenzi ni ule ule, ila macho yanaongozwa kwa njia mbili.

Nimeanza na mfano huo ili nioneshe kwamba suala la umbo la maandishi si geni kwetu, wala halikuletwa na kompyuta. Kwangu limekuwa suala la kila wiki tangu nistaafu. Kwa zaidi ya miaka 30 nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari, na katika miaka hiyo nilikusanya mashairi: mengine katika madaftari ya wanafunzi, mengine katika kaseti, mengine katika karatasi nilizopewa na wazee wa pwani ya Tanga waliotaka "mwalimu ayatunze". Sasa ninayaweka mtandaoni, moja moja, nikisaidiwa na kijana niliyemfundisha zamani ambaye leo ni fundi wa kompyuta. Kila tunapokaa kuchapisha, yeye huuliza swali lile lile: "Mwalimu, hili tulipe umbo gani?" Ni swali la fundi, lakini anayepaswa kulijibu ni mshairi.

Niyaeleze kwanza maumbo yenyewe, kwa ajili ya wenzangu wasiopata kukaa upande wa ndani wa mitambo hii. Tumblr, iliyoanza mwaka 2007, ilimtaka mwandishi achague tangu awali aina ya kitu anachotaka kuweka: maandishi, picha, nukuu, kiungo, mazungumzo, sauti au video. WordPress, ambayo ndiyo tunayoitumia sisi, ilileta mpango wa namna hiyo katika toleo lake la 3.1, Februari 2011. Mbali na chapisho la kawaida, humo mna maumbo tisa: dokezo, matunzio ya picha, kiungo, picha, nukuu, hali, video, sauti na mazungumzo. Wafasiri wa programu za kompyuta hupenda kusema "umbizo". Mimi nimebaki na "umbo", kwa kuwa ndilo neno tunalolitumia darasani tunapofundisha umbo la shairi, na kwa maoni yangu jambo ni lile lile. Jina "dokezo" nalo ni chaguo langu: ni chapisho fupi ambalo aghalabu halina kichwa, kama neno ambalo mtu humnong'oneza jirani yake katikati ya baraza.

Jambo la kufahamu ni kwamba umbo, katika WordPress, ni kibandiko tu. Halikigusi kilichoandikwa. Linaiarifu mandhari ya ukurasa, yaani lile vazi linaloamua rangi, herufi na mpangilio, kwamba kilichomo humu ni nukuu, au ni sauti, nayo mandhari hukivisha inavyojua. Mandhari nyingine huikuza nukuu kwa herufi nene na kuondoa kichwa chake. Nyingine hazina habari na kibandiko hicho, na chapisho likaonekana sawa na mengine yote. Mwaka 2013 watengenezaji wa WordPress walikusudia kuyapa maumbo haya nafasi kubwa zaidi katika toleo la 3.6, kisha wakauondoa mpango huo kabla toleo halijatoka. Maumbo yakabaki yalivyokuwa, na yapo hadi leo kwa anayeyataka.

Nilipoisoma orodha ya maumbo hayo tisa kwa mara ya kwanza, nilicheka peke yangu. Karibu yote tulikuwa nayo.

Tazama kanga. Ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno machache yaliyochapwa upande wa chini. Jina la kanga halina utangulizi wala ufafanuzi. Aliyeivaa amekwisha kuamua nani alisome na siku gani alisome, na anayeguswa hujijua mwenyewe. Hilo ndilo umbo la nukuu, na siku nyingine ndilo umbo la hali: mtu ametangaza yaliyomo moyoni bila kuitisha mkutano. Jina hilo hilo likifafanuliwa kwa insha ya kurasa tatu, makali yake yote yamekwisha. Ndiyo sababu methali nikiichapisha kwa umbo la nukuu siiwekei maelezo chini yake. Maelezo, kama yapo, huyatengea chapisho lake siku ya pili, baada ya wasomaji kukaa na methali usiku mmoja.

Tazama tena ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mathias Mnyampala na wenzake wa chama cha UKUTA waliipa nguvu kubwa, na sisi tuliokuwa shuleni miaka iliyofuata tuliikariri mpaka usingizini. Tulisimama safu mbili, huyu akibisha na yule akifundisha, hadi mwishoni mbishi akakubali yaishe. Ukiiandika ngonjera kama shairi la kawaida, msomaji asiyewahi kuisikia hupotea katika ubeti wa tatu, hajui tena nani anasema na nani anasutwa. Umbo la mazungumzo huliweka jina la msemaji mbele ya kauli yake. Aliyelibuni, naamini, alikuwa akifikiria soga za vijana katika kompyuta, lakini limeikaa ngonjera kama nguo iliyopimwa kwa fundi.

Na umbo la kiungo? Hapo nawakumbuka washairi wa majibizano. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalizaliwa katika kuulizana na kujibiwa, na yakaishi vichwani mwa watu muda mrefu kabla Mwalimu Sikujua hajayakusanya na kabla Hichens hajayachapisha mwaka 1940. Magazetini nako, tangu enzi za Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, washairi wametumiana maswali na majibu. Taabu ya gazeti ilikuwa moja: jibu lilitoka wiki au miezi kadhaa baadaye, na asiyetunza toleo la zamani alisoma jibu bila kulijua swali. Shairi la jibu lililotengwa na shairi lililojibiwa ni kama kusikia upande mmoja wa simu. Leo kiungo kimoja kinayarudisha mashairi hayo mawili katika baraza moja. Kila ninapochapisha jibu, sitangulizi hata neno kabla sijakiweka kiungo cha swali.

Sasa nije kwenye jambo lililonisukuma hasa kuandika. Mwaka jana mjukuu wa jirani yangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alinijia na kazi ya shule. Alitakiwa achambue shairi alilolisoma katika simu.

"Shikamoo Babu. Hili nimelipata, ni shairi la usaba," akasema kwa uhakika.

Nikaiomba simu nione. Lilikuwa tarbia, tena tarbia iliyopimwa vizuri. Katika ubeti wa kwanza, mishororo mitatu ilikuwa mirefu kuliko upana wa kioo, ikakatwa na kuangukia chini, na mshororo wa nne ukatosha. Kijana alihesabu alichokiona, akapata mistari saba. Katika kuhesabu hakukosea. Kisha akanieleza kwamba shairi hilo halina vina, kwa kuwa maneno yaliyokaa mwisho wa mistari yake saba hayakufanana hata kidogo. Hapo nikaacha kutabasamu. Mshairi yule alikesha akitafuta vina vya kati na vya mwisho, na kioo cha upana wa kiganja kimemwambia mwanafunzi kwamba kazi hiyo haikufanyika.

Nitoe mfano kwa mshororo nilioutunga kwa ajili ya makala haya tu:

Ubeti una mwiliwe, si maneno ya kumwaga

Ukwapi una mizani nane, utao una mizani nane, na koma imekaa pale pumzi inapopumzika. Simu ndogo, au simu ya mzee aliyekuza herufi kama mimi, itauonesha hivi:

Ubeti una mwiliwe, si maneno
ya kumwaga

Kina cha kati kimefichwa tumboni mwa mstari. Neno "maneno" limekalishwa kwenye kiti cha kina ambacho si chake. Na "ya kumwaga" limetupwa peke yake, halijulikani ni la mshororo huu au wa pili. Zidisha hayo kwa mishororo minne, kisha kwa beti kumi, uone kilichobaki cha bahari.

Kijana wangu wa kompyuta alinieleza sababu, nami nazitoa hapa kwa kuwa kila mshairi anayechapisha anazihitaji. Ya kwanza ni huo upana, ambao mwandishi hana amri nao. Ya pili ni kwamba vivinjari vya mtandao, kwa desturi yao, huzifinya nafasi nyingi zilizofuatana zikawa nafasi moja. Lile pengo tulilozoea kuliacha kati ya ukwapi na utao tulipoandika kwa mashine ya taipu hutoweka bila taarifa. Ya tatu ni kitufe cha Enter. Ukikibonyeza katika aya, WordPress huelewa kwamba umeanza aya mpya, hivyo kila mshororo hujitenga na ndugu zake na ubeti hauonekani tena kuwa ubeti. Anayetaka mshororo ushuke bila kuanza aya hushika Shift na Enter kwa pamoja. Na tangu toleo la 5.0, lililotoka Desemba 2018, mna bloku maalumu ya ushairi, ambayo huzihifadhi nafasi na mistari kama mwandishi alivyoziweka. Nimekutana na washairi wanaochapisha kila juma bila kujua kwamba bloku hiyo ipo.

Mimi hufanya hivi. Shairi la mizani 16 siliachii simu ilikate. Nalikata mwenyewe, mahali pa mkato wake wa asili, na utao nausogeza ndani kidogo chini ya ukwapi wake:

Ubeti una mwiliwe,
    si maneno ya kumwaga

Kila ubeti naupa namba, ili hata anayeuona umevunjika ajue unaanzia wapi na kuishia wapi. Mwenzangu mmoja alinipinga. Alisema nimeugeuza mshororo mmoja kuwa miwili, na kwamba mwanafunzi atahesabu minane badala ya minne. Hoja yake ina uzito, na imenifanya nitenganishe maneno mawili ambayo vitabu vyetu mara nyingi huyatumia kwa maana moja. Mstari ni wa jicho: ni kile kinachoonekana kikienda toka upande huu hadi ule. Mshororo ni wa sikio na wa hesabu: ni ukwapi na utao wake, viwe vimekaa ubavu kwa ubavu au kimoja chini ya kingine. Ubeti wa utenzi ulipokaa katika mstari mmoja wa mswada, hakuna aliyesema una mshororo mmoja. Tukiwafundisha wanafunzi tofauti hiyo, simu haitawababaisha.

Wako wanaodhani kwamba hofu hii ni yetu sisi watu wa vina na mizani, na kwamba mashairi huru yamesalimika. Mimi naona kinyume chake. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa sheria zake za kutunga mashairi mwaka 1954, aliandika juu ya shairi ambalo, hata likivurugwa na mchapaji, linaweza kurudishwa mahali pake: tafuta kina cha kati, tafuta kina cha mwisho, hesabu mizani, na mshororo utajitokeza wenyewe. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, alituletea mashairi yasiyo na ulinzi huo. Katika shairi huru, mahali mstari unapokatika ni uamuzi wa mshairi, na hakuna kina cha kumrudisha msomaji ikiwa uamuzi huo umefutwa. Tumebishana miaka mingi juu ya nani kati ya makundi haya mawili anastahili jina la mshairi. Katika suala la kulinda mistari yake kwenye kioo cha simu, mwanamapokeo na mwanamabadiliko wana shida moja, na mwanamabadiliko ndiye anayeumia zaidi.

Wengine hukimbilia picha. Hulipiga picha shairi likiwa limepangwa vizuri katika karatasi, wakaiweka picha hiyo, na umbo likasalimika kabisa. Naelewa kishawishi hicho. Lakini maneno yaliyo ndani ya picha ni vigumu kuyatafuta mtandaoni, na programu zinazowasomea wasioona haziwezi kuyategemea. Msomaji naye hawezi kunakili ubeti ampelekee mwenzake. Picha nimeitengea kazi ambayo maandishi hayaiwezi: kuonesha mkono wa mwandishi. Ninayo madaftari mawili ya tenzi kwa hati za Kiarabu, wino umepauka, na pembeni mna masahihisho ya mkono wa pili. Kurasa hizo huziweka kwa umbo la matunzio ya picha, na chini ya kila picha naweka maandishi yake kwa hati za Kirumi. Picha peke yake ingekuwa mlango uliofungwa kwa vijana wengi ambao hawakufundishwa kuzisoma hati hizo. Maandishi peke yake yangeficha yale masahihisho, na hapo ndipo tunapomwona mtunzi akibadili nia.

Umbo lililonitaka nitafakari kuliko yote ni la sauti. Umuhimu wa sauti hatukuanza kuujua leo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, watu walikuwa tayari wameelewa kwamba wimbo ulioandikwa na wimbo uliosikika si kitu kimoja. Lakini utenzi wa nyumbani, uliotungwa na mtu asiye na jina kubwa, nani angeufikiria santuri?

Shangazi yangu alikuwa mtunzi wa namna hiyo. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, na shangazi akanilea pamoja na mama katika nyumba moja. Mwaka 1980 nilipoitwa chuo cha ualimu, alinitungia beti saba za kuniaga. Hakuziandika, alizisoma kwa mahadhi asubuhi ya safari, uani, mizigo yangu ikiwa mlangoni. Mwaka 1993 nilimwomba azisome tena mbele ya redio kaseti, naye akazisoma zote bila kusita. Sasa ni marehemu. Ubeti wa kwanza, nilipouhamishia kwenye maandishi, ulikuwa hivi:

Nenda mwana salama
njia iwe na huruma
usisahau kusoma
nasi tu hapa nyumbani

Nilimpelekea mwalimu mwenzangu, mstaafu kama mimi na mpimaji mkali wa mizani, auone kabla ya kuuchapisha. Jibu lake lilikuja jioni ile ile. "Kipande cha kwanza kina mizani saba. Weka 'mwanangu', mambo yamekwisha." Kwa hesabu ya karatasi alikuwa sahihi kabisa. "Nenda mwanangu salama" ni nane, na ubeti ungenyooka. Marekebisho ya namna hiyo yamefanywa mara nyingi na wahariri wenye nia njema, kimya kimya, na nani angelalamika? Mwenye ubeti yuko kaburini.

Nikamwalika nyumbani, nikamwekea kaseti. Shangazi anapofika kwenye neno "mwana", sauti yake inaivuta silabi ya kwanza, inapanda kidogo, kisha inashuka kwenye "na". Silabi moja imekaa mahali pa mapigo mawili. Mwenzangu aligonga meza kwa kidole, akarudisha nyuma, akagonga tena. "Ni nane," akasema.

Kaseti haikuishia hapo. Baada ya ubeti wa saba nilikuwa sijaizima redio, na inasikika sauti yangu ya ujana ikiuliza, "Shangazi, mbona hukusema 'mwanangu'?" Kuna kimya kidogo, kisha kikohozi, kisha anajibu: "Mama yako alikuwa amesimama pale mlangoni, baba. Ningesema 'mwanangu' mbele yake? Nikaivuta."

Neno ambalo mwenzangu alitaka kuliongeza ndilo neno ambalo shangazi alikataa kulisema. Alinilea, alinipenda, na siku ile ya kuagana aliiacha nafasi ya mzazi kwa mwenyewe, akaujaza upungufu wa mizani kwa sauti yake. Hayo yote hayamo katika maandishi. Lau ningechapisha ubeti ule kwa umbo la kawaida, msomaji mwenye ujuzi angemwona mtunzi asiyejua kuhesabu. Lau ningeurekebisha, ningemtia shangazi kinywani neno ambalo heshima ilimzuia kulitamka.

Kabla ya kuiweka sauti hiyo hadharani nilikwenda kwa watoto wake, maana sauti ya marehemu ni mali ya wafiwa kwanza. Binti yake mkubwa aliisikiliza hadi mwisho. Nilimweleza kwamba kile kikohozi kinaweza kuondolewa kwa kompyuta. Akasema kiachwe.

Tukalipanga hivi. Chapisho la kwanza ni la umbo la sauti, na chini yake mna beti zote saba kwa maandishi, kipande cha kwanza kikiwa na silabi zake saba bila nyongeza. Chapisho la pili ni la umbo la mazungumzo: swali langu na jibu la shangazi, mistari michache tu. Kiungo kinayaunganisha mawili hayo. Sikuandika insha ya kueleza maana. Anayesikiliza kisha akasoma ataelewa mwenyewe, na atakayesoma tu ana njia ya kuifikia sauti akitaka.

Hata hivyo sauti nayo ina mipaka yake. Haipekuliki kama maandishi: ukitaka ubeti wa tano huna budi kusubiri minne ipite. Inakula bando, na wasomaji wetu wengi hununua bando la siku. Kwa hiyo sauti zetu hazijichezi zenyewe ukurasa unapofunguka. Humngoja msikilizaji aamue, naye tunamwambia mapema sauti ni ya dakika ngapi. Na hatuiweki sauti yoyote bila maandishi yake, kama vile tusivyoweka picha ya hati bila maandishi yake.

Tahadhari hiyo ina sababu nyingine. Mwaka uliopita ilitubidi tubadili mandhari ya ukurasa, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imeachwa na waliyeitengeneza. Asubuhi yake nukuu zote zilipoteza herufi zake kubwa, madokezo yakaota vichwa vya habari, na mazungumzo yakaonekana kama aya za kawaida. Vibandiko vilikuwa bado vipo, lakini mandhari mpya haikuvijali. Ngonjera zilizonusurika ni zile ambazo majina ya wasemaji yaliandikwa ndani ya maandishi yenyewe. Methali zilizonusurika ni zile zilizokuwa na alama zake za kunukuu. Beti zilizonusurika ni zile zilizopewa namba. Tangu hapo nimeweka kanuni moja: umbo nilitumie kwa ukamilifu, lakini nisiliachie maana yote. Kilicho cha lazima kiandikwe katika maneno na alama ambazo mandhari yoyote itazibeba, na hata karatasi itazibeba siku tutakapoamua kuyachapa haya kitabu.

Leo kijana wangu akiniuliza umbo, nami humuuliza matatu kabla ya kumjibu. Hili lilizaliwa kwa sikio au kwa jicho? Nani anasema ndani yake, mmoja au wengi? Na akilisoma mtu wa simu ndogo, peke yake, bila mwalimu wa kumweleza, ni kitu gani asichopaswa kukikosa? Majibu ya maswali hayo hutupatia umbo karibu kila mara. Wiki hii tunazo beti za mvuvi mmoja wa Pangani aliyezitunga kwa ajili ya kuvuta nyavu, ambazo kila kipande chake hungoja itikio la wenzake. Kijana anasema sauti. Mimi naona mazungumzo. Bado hatujakubaliana, na kaseti tumeirudisha mwanzo tuisikilize tena.